Darubini ya Nguvu Moja na ya Nguvu Nyingi

Mtu apitaye soko la Kibuye siku ya Jumapili, siku ambayo umma wa Kisumu na viunga vyake humiminika pale tangu asubuhi, akibahatika kukuta darubini mbili za mitumba baina ya redio kuukuu na saa zisizotembea, aghalabu huvutwa na tarakimu zilizopigwa chapa juu yake. Na kwa kuwa binadamu hupenda wingi, ile iliyoandikwa 10–30x50, ambayo nguvu yake hubadilishwa kwa kidole, humshawishi kuliko jirani yake iliyoandikwa 8x42 tu. Nathubutu kusema mapema kwamba kwa mtu atakayeishika mkononi, hiyo ya 8 ndiyo bora.

Tarakimu ya kwanza huonyesha kitu kitakuzwa mara ngapi, na ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Gawanya upana kwa ukuzaji, nawe utapata kipenyo cha duara la nuru lifikalo jichoni: 42 kwa 8 ni milimita 5 na kidogo, ilhali 50 kwa 30 haifiki hata 2. Mchana wa jua kali mboni ya jicho hujikaza ikawa milimita 2 au 3, na upungufu huo hauhisiwi sana. Lakini Kisumu jua huzama baina ya saa kumi na mbili u nusu na saa moja, giza halichelewi, na mboni ya kijana huweza kutanuka hata kukaribia milimita 7. Hapo ndipo mwenye kupandisha nguvu hadi 30 huona kiza kilichokuzwa. Tena mtetemo wa mkono nao hukuzwa kwa kadiri ile ile, na uwanja wa kutazama hupungua. Na kwa kuwa mirija miwili lazima ibadilike sawia, darubini hafifu ya namna hiyo huyavuta macho kila moja upande wake, mwenyewe akaishia kuumwa na kichwa.

Watu wa bunduki wameujadili mgogoro huu kwa miaka mingi. Wazee wao walitosheka na darubini ya mara 4 isiyobadilika, kisha ile ya 3 hadi 9 ikaenea, nayo ina haki yake: mnyama akitokea kichakani karibu, mtu hushusha nguvu aone uwanja mpana, akiwa mbali, huipandisha. Bunduki hupata mahali pa kuegemea, na jicho linalotumika ni moja, basi zile taabu mbili kubwa hupungua. Inabaki hadhari ya vifaa vya bei rahisi, ambavyo vikizungushwa huweza kuhamisha shabaha bila mpigaji kujua. Lakini Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama wakubwa kwa starehe mwaka 1977, na kwa mkazi wa Kibuye suala hilo ni la askari wa wanyamapori na wachache wenye leseni. Haja yake yeye ni ndege.

Na ndege wapo karibu. Katika kinamasi cha Dunga, kusini mwa mji, huishi ndani ya mafunjo ndege wa jamii ya tiva ambaye wataalamu humwita Laniarius mufumbiri, mwenye utosi wa manjano, mgongo mweusi na tumbo jekundu. Hayaachi mafunjo, na sauti yake husikika mara nyingi kabla wajihi wake haujaonekana. Hujitokeza kwa nukta chache akatoweka. Mwenye uwanja mpana wa mara 8 humdiriki. Mwenye mara 30 hutazama shina moja la funjo likitikisika, asijue ni la wapi.

Nguvu nyingi zina mahali pake katika darubini ya mrija mmoja, ya 20 hadi 60, iliyosimamishwa juu ya miguu mitatu. Ukiwa ufukoni na minandi wametua juu ya miti ya nyavu mbali ziwani, anza na 20 uwapate, kisha panda taratibu mpaka mvuke wa joto juu ya maji uanze kuitikisa picha. Hapo rudi nyuma kidogo, kwani nguvu iliyozidi hapo haikuongezei kitu.

Kabla hujatoa fedha Kibuye, litazame paa la mbali kupitia darubini kwa macho yote mawili, na kingo za paa zikionekana maradufu, mrudishie mwenyewe.