Msomaji Anapogeuka Mtunzi: Ushabiki wa Hadithi za Kisayansi na za Kiajabu Nchini Japani

Utangulizi

Neno "shabiki" katika Kiswahili limezoeleka zaidi uwanjani kuliko maktabani. Shabiki ni yule akaaye pembeni mwa mchezo, akashangilia ama akalaumu, bila ya yeye mwenyewe kuugusa mpira. Katika mijadala ya fasihi pia mara nyingi mpenzi wa kazi fulani amehesabiwa kuwa mpokeaji tu: kazi hutungwa, huchapwa, kisha ndipo humfikia. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba maelezo hayo hayatoshi, na mfano unaochunguzwa ni ule wa hadithi za kisayansi na za kiajabu za Kijapani. Katika tawi hilo la fasihi, kuwa shabiki kulikuwa ni kazi ya lugha tangu mwanzo. Shabiki alisoma maandishi ya kigeni, akayafasiri, akaunda msamiati uliokosekana, na hatimaye akatunga kwa lugha yake mwenyewe.

Majina ya Wajapani yameandikwa hapa kwa kutanguliza jina la ukoo, kama ilivyo desturi yao.

Mgeni njoo, mwenyeji apone

Hadithi za kiajabu ni za kale nchini Japani, lakini hadithi zinazojengwa juu ya dhana za sayansi ziliingia kwa mlango wa tafsiri. Mwaka 1878 Kawashima Chunosuke alianza kuitoa kwa Kijapani riwaya ya Jules Verne ya kuizunguka dunia kwa siku themanini, akiifasiri moja kwa moja kutoka Kifaransa. Haukupita muda mrefu kabla ya wenyeji kushika kalamu. Mwaka 1900 Oshikawa Shunro alichapisha Kaitei Gunkan, yaani manowari ya chini ya bahari, na baadaye Unno Juza (1897–1949) akaendeleza kazi hiyo hata akaja kuitwa baba wa hadithi za kisayansi za Kijapani.

Baada ya vita kwisha mwaka 1945 mlango ulifunguka upya, safari hii kwa namna isiyotazamiwa. Askari wa Marekani waliokaa Japani walikuwa na vitabu vya bei nafuu ambavyo walivisoma na kuviacha. Yano Tetsu (1923–2004) alikuwa mmoja wa waliovisoma vitabu vya aina hiyo. Naye akaja kuwa mfasiri mashuhuri na mtunzi. Ushabiki wake haukuanzia darasani wala katika orodha ya vitabu vilivyopendekezwa na wakubwa. Ulianzia katika karatasi ambazo wenyewe hawakuzithamini tena.

Kuna ushahidi mdogo lakini wenye uzito unaoonyesha jinsi msomaji wa Kijapani alivyojihusisha na waandishi wa ng'ambo, nao ni ushahidi wa majina ya kalamu. Mwandishi wa hadithi za upelelezi na za kutisha, Edogawa Ranpo (1894–1965), alijiita hivyo kwa kulifuata jina la Edgar Allan Poe. Mfasiri Asakura Hisashi (1930–2010) aliunda jina lake kutokana na Arthur C. Clarke. Shibano Takumi (1926–2010), ambaye habari zake zinafuata, alitia sahihi tafsiri zake kwa jina la Kozumi Rei, ambalo kwa Kiingereza linasikika kama maneno yenye maana ya "mwali wa anga za juu". Katika mifano yote mitatu sauti ya kigeni imevishwa herufi za Kijapani hata ikawa jina la mwenyeji. Katika jina tu, shabiki ameshafanya kazi ya kufasiri.

Vumbi la angani

Hata hivyo, tafsiri peke yake haikutosha. Mwaka 1954 lilitolewa jarida la kwanza la hadithi za kisayansi, Seiun, nalo likafa baada ya toleo moja. Miongoni mwa wachapishaji palikuwa na usemi kwamba anayegusa hadithi za aina hiyo hufilisika. Palihitajika kwanza jamii ya wasomaji wanaofahamiana.

Jamii hiyo ilipata sauti mwezi wa Mei 1957, pale Shibano, aliyekuwa mwalimu wa hisabati wa shule ya sekondari, alipoanzisha pamoja na wenzake jarida la mashabiki liitwalo Uchujin. Maana ya jina hilo ni "vumbi la angani". Lakini kwa sikio neno hilo halitofautiani na neno jingine lenye maana ya "kiumbe wa anga za mbali"; ni herufi tu zinazoyatenga. Msomaji aliyelisikia jina hilo alipokea maana mbili kwa pamoja, na mchezo huo wa maneno ulikuwa kama hati ya kuingilia katika chama.

Mazao yalionekana upesi. Katika toleo la pili Hoshi Shin'ichi (1926–1997) alitoa hadithi yake "Sekisutora". Mwaka huo huo hadithi hiyo ikachapwa tena katika Hoseki, jarida la kibiashara lililokuwa likihaririwa na Edogawa Ranpo. Mwaka 1960 Tsutsui Yasutaka alianzisha pamoja na nduguze jarida lao dogo liitwalo NULL, na hadithi yake mojawapo ikachukuliwa vivyo hivyo na Hoseki. Shirika la Hayakawa nalo lilianzisha S-F Magajin, ambalo toleo lake la kwanza lina tarehe ya Februari 1960, chini ya uhariri wa Fukushima Masami. Mkutano wa kwanza wa mashabiki wa nchi nzima ulifanyika Tokyo mwaka 1962. Tangu mwaka 1970 mashabiki hao hupiga kura na kutoa tuzo ya Seiun, iliyopewa jina la lile jarida lililokufa baada ya toleo moja. Kwa hiyo jarida lililomshinda mchapishaji likahifadhiwa jina na wasomaji.

Yafaa kuutazama utaratibu wenyewe. Jarida la mashabiki lilikuwa shule isiyo na ada wala cheti. Mwanafunzi wake alisahihishwa na watu waliosoma vitabu vile vile alivyovisoma yeye, na alijua kwamba hadithi yake ingelinganishwa si na chochote kile, bali na kazi bora za lugha mbili.

Neno juu ya neno

Tatizo lililowakabili wafasiri na watunzi hao linafahamika vyema kwa wataalamu wa Kiswahili: kitu ambacho hakijakuwapo kitaitwaje? Msomaji wa Kiswahili ameyaona mabishano baina ya "tarakilishi", "ngamizi" na "kompyuta". Wapo wanaotaka neno liundwe kutokana na mizizi ya lugha yenyewe ili maana iwe wazi, na wapo wanaoona kuwa neno la mkopo limekwisha kuzoewa na watu.

Kijapani kina njia ya tatu, nayo inatokana na maandishi yake. Maandishi hayo huchanganya herufi za asili ya Kichina, ambazo hubeba maana, na herufi za kana, ambazo hubeba silabi. Kando ya herufi za Kichina huweza kutiwa kana ndogo za kumwongoza msomaji katika matamshi. Kana hizo huitwa furigana. Kwa kawaida huwasaidia watoto au huelekeza jinsi ya kusoma neno gumu. Wafasiri wa hadithi za kisayansi waliipa desturi hiyo kazi mpya. Mwaka 1986 Kuroma Hisashi alitoa tafsiri ya Neuromancer ya William Gibson. Neno ambalo Gibson alilitumia kwa ulimwengu ulio ndani ya mitambo ya kompyuta aliliandika kwa herufi nne: mbili za mwanzo zina maana ya umeme na ubongo, na mbili za mwisho kwa pamoja zina maana ya nafasi. Kando yake akatia kana zinazosomeka "saibaasupeesu", yaani sauti ya neno lenyewe la Kiingereza.

Hapo msomaji huiona maana kwa jicho na kuusikia ugeni kwa sikio katika tendo moja la kusoma. Mfasiri hakulazimika kuchagua baina ya neno la kuundwa na neno la mkopo. Zaidi ya hayo, ugumu wa ukurasa wenyewe ukawa sehemu ya ladha. Shabiki alijifunza kuusoma kama vile msomaji wa mashairi anavyojifunza kuvumilia neno la kale, kwa kuwa anajua malipo yake.

Hoshi alifuata njia iliyo kinyume kabisa. Katika hadithi zake fupi mno, ambazo idadi yake imepita 1,000, aliepuka majina ya watu na ya mahali. Mhusika wake maarufu ni "Bwana N" tu. Alipoona kuwa maneno fulani yameanza kuchakaa aliyabadilisha katika matoleo ya baadaye. Mahali alipokuwa ameandika kwamba mtu alizungusha namba za simu, alisahihisha akaandika tu kwamba alipiga simu. Alitambua kuwa katika hadithi za wakati ujao hakuna kinachozeeka upesi kama chombo cha kisasa.

Komatsu Sakyo (1931–2011) alilipeleka suala la lugha na taifa mbali zaidi. Katika riwaya yake Nihon Chinbotsu, aliyoianza mwaka 1964 na kuichapisha mwaka 1973, visiwa vya Japani vinazama baharini na wananchi wanatawanyika duniani. Nakala zaidi ya milioni 3 ziliuzwa. Swali lililo chini ya maafa hayo ni zito: Mjapani asiye na nchi atabaki kuwa nani? Mwaka huo huo Tsutsui alijibu kwa kejeli katika hadithi fupi ambamo dunia nzima inazama isipokuwa Japani. Na mashabiki wakaitunukia hadithi hiyo tuzo ya Seiun mwaka 1974.

Shabiki wa ng'ambo

Safari ya shabiki asiye Mjapani ilielekea upande wa pili, lakini ilipitia hatua zile zile. Wengi walianza na picha. Filamu ya Gojira, ambayo jina lake limeunganishwa kutokana na maneno ya Kijapani ya "sokwe" na "nyangumi", ilitoka mwaka 1954. Watazamaji wa Marekani waliipata mwaka 1956, ikiwa imekatwakatwa na kuongezwa mwigizaji mwingine. Mwaka 1963 katuni ya Tezuka Osamu kuhusu mtoto wa chuma, Tetsuwan Atomu, ilionyeshwa katika televisheni ya Marekani kwa Kiingereza.

Waliotaka zaidi ya hayo walilazimika kujisaidia. Mwaka 1977 kiliundwa mjini Los Angeles chama cha Cartoon/Fantasy Organization, ambacho wanachama wake walitazama kanda za Kijapani zisizofasiriwa. Aliyejua kidogo aliwaeleza wasiojua. Baadaye mashabiki wakaanza kutia tafsiri zao chini ya picha. Kwa upande wa vitabu njia ilikuwa nyembamba: Nihon Chinbotsu ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1976 ikiwa imefupishwa. Mwaka 2009 kulianzishwa nchini Marekani mfululizo wa vitabu uitwao Haikasoru. Jina hilo ni matamshi ya Kijapani ya maneno mawili ya Kiingereza yaliyotoka katika jina la riwaya ya Philip K. Dick. Neno lilikwenda Japani likiwa la Kiingereza, likarudi Marekani limevaa irabu za Kijapani. Katika hadithi za kiajabu, riwaya za Uehashi Nahoko zilimfikia msomaji wa Kiingereza kwa mkono wa mfasiri Cathy Hirano, na mwaka 2014 mwandishi huyo akapewa tuzo ya kimataifa ya Hans Christian Andersen.

Lakini tafsiri huacha pengo, na ni pengo hilo linalomsukuma shabiki mbele. Mhusika wa Kijapani anaweza kujitaja kwa watashi, boku au ore, na kila neno huonyesha jinsia, umri au majivuno yake. Katika Kiingereza yote hugeuka neno moja. Msomaji anayeng'amua kuwa ananyimwa kitu huanza kujifunza lugha. Tafiti za Japan Foundation juu ya ufundishaji wa Kijapani ng'ambo zimeonyesha kwamba katuni na hadithi za picha ni miongoni mwa sababu kuu zinazowavuta wanafunzi.

Dharau na jina

Haifai kudhani kwamba watu hao walipewa heshima. Mwaka 1983 mwandishi Nakamori Akio aliwakejeli mashabiki kwa kuwaita otaku. Neno hilo kwa asili lina maana ya "nyumba yako", na hutumika kama "wewe" ya adabu isiyo na mazoea. Alilichagua kwa sababu aliwasikia vijana wenyewe wakiitana hivyo. Kiwakilishi cha heshima kikageuzwa kuwa tusi.

Wakati huo huo waliodharauliwa walikuwa kazini. Kwa mikutano ya mashabiki iliyofanyika Osaka mwaka 1981 na 1983, wanafunzi walichora kwa mikono yao filamu fupi za ufunguzi. Baadhi yao wakaunda mwaka 1984 kampuni ya Gainax, iliyokuja kutoa Shin Seiki Evangerion mwaka 1995. Leo neno otaku lenyewe hutamkwa na wengi bila haya, tena kwa fahari.

Hitimisho

Yaliyoelezwa yanaonyesha kwamba fasihi ya aina mpya haioti kwa tafsiri pekee. Kiswahili nacho kilipokea mapema hadithi za safari za ajabu: Frederick Johnson alifasiri Mashimo ya Mfalme Sulemani mwaka 1929 na Safari za Gulliver mwaka 1932. Baadaye Nagona ya Kezilahabi (1990) na Bina-Adamu! ya Wamitila (2002) zimethibitisha kuwa lugha hii inaweza kuuvuka mpaka wa uhalisia bila ya kupoteza sauti yake. Mfano wa Japani unaelekeza jicho mahali ambapo wahakiki huwa hawatazami sana, nako ni baina ya mfasiri na mtunzi, alipo msomaji mwenye shauku. Huyo ndiye anayeligombania neno, akalijaribu katika karatasi ya bei nafuu mbele ya wenzake, akalikataa au akalizoea. Istilahi inayotoka katika kamati huhitaji mtu wa kuisema. Ile iliyozaliwa katika hadithi inayopendwa huwa imekwisha kusemwa kabla ya kuingizwa kamusini.