Jiko kubwa ya gazi: pima kwanza sufuria ya nyumba yako

Mu miji yetu ya mugodi, toka Lubumbashi mupaka Likasi na Kolwezi, makala njo ingali inaivisha bukari mu nyumba nyingi. Lakini gunia ya makala inapanda bei wakati mvua inaanza, na umeme wa SNEL unakatika saa ile ile mama anataka kupika. Njo maana, kama prime imeingia ao mutu amepokea dekonti yake ya mwisho, bafanyakazi wengi banaanza kuwaza gazi.

Ku magazini, kuna jiko moja yenye inavuta macho kupita zingine zote: ile kubwa ya inoksi, yenye sura ya oteli, butoni nene, grile nyeusi nzito, na furu yenye inaweza kumeza muguu muzima wa mbuzi. Baba anaiona, anasema: hii njo jiko ya mutu wa kazi. Pengine ana haki. Lakini jiko ya namna ile iko sawa na kamyo kubwa ya kariere: haiko mubaya, ila inaomba barabara yake, mazutu yake na mutu wa kuitengeneza. Kama nyumba haiwezi kuipatia gazi na hewa, umenunua kabati ya bei kali.

Sura moja, tabia mbili

Kwanza ujue kama majiko hizi ziko za aina mbili. Kuna jiko ya restora ya kweli. Ile ilitengenezwa kwa kukaa mu chumba cha simenti na karo, chini ya kofia kubwa yenye inavuta moshi na joto. Pembeni yake inawaka joto mingi, kwa sababu hawakuweka sana kitu cha kuzuia joto isitoke. Ukiiweka karibu na kabati ya mbao, unatafuta moto ya nyumba. Mutoto akigusa mulango wa furu, anaungua.

Aina ya pili ni jiko ya nyumba yenye kuvaa nguo ya restora. Upana wake ni santimetre 60 ao 90, pengine kupita pale. Furu yake imefungwa muzuri, mulango uko na vioo viwili ao vitatu, na joto inabakia ndani. Kwa nyumba yenye batoto, chukua hii ya pili. Ile ya kwanza, yenye inauzishwa pengine bei ya chini kama kantini moja imefunga, iachie mama mwenye kufungua malewa.

Nguvu ya moto

Angalia plake ya nyuma, ao kitabu chenye kinakuya na jiko. Pale wanaandika kilowati za kila brulere, ni kusema kila pahali moto inatokea. Ku jiko ya kawaida, brulere kidogo iko na kilowati 1, ya katikati 1,75, kubwa 3. Jiko yenye sura ya restora inaongeza moja ya katikati yenye duara mbili ao tatu za moto, ya kilowati 4 ao 5. Ya restora ya kweli inafika 6 na kupita.

Sasa waza chakula chako. Bukari ya batu kumi inaomba maji mingi ichemuke mbio, kisha inaomba mabega. Pale grile nzito ya fonti inalipa franga zake: mama anasonga na mwiko, sufuria haitembei. Ku resho nyepesi, sufuria inazunguka, na bukari ya moto inaweza kumumwangikia ku miguu. Kwa kazi ile, brulere moja ya nguvu na grile yenye kukamata ni lazima.

Lakini maharagi ni jambo lingine. Lubumbashi iko ku urefu wa metre karibu 1200, Kolwezi kupita 1400. Huku juu maji inachemuka ku digri 96 ao 95, haifike 100. Maji ikisha kuchemuka, hata uongeze moto mara tatu, joto yake haipande tena. Maharagi itaomba masaa yake tu, na ile moto ya zaidi inachoma paka gazi. Kwa hiyo, ku magazini, usiombe muuzishaji akuonyeshe tu moto kubwa. Umwambie aipunguze mupaka mwisho. Kama moto inazimika ao inarukaruka, jiko ile haitakusaidia kwa maharagi wala sombe. Bamama wengi banabakisha mbabula inje kwa maharagi, na si ujinga.

Jambo lingine: moto kubwa chini ya sufuria kidogo inapita pembeni na kupasha hewa. Upana wa moto usipite upana wa sufuria.

Chupa itafika wapi?

Kilo 1 ya gazi ya chupa iko na nguvu ya kulisha brulere ya kilowati 12,8 kwa saa moja. Fanya hesabu. Brulere ya kilowati 3, ikifunguliwa yote, inakula karibu gramu 235 kwa saa. Ya kilowati 6 inakula karibu gramu 470, na chupa ya kilo 12,5 inamupatia masaa 26 hivi. Washa ine za namna ile pamoja, chupa inaisha mbele ya masaa 7.

Tena, chupa moja haiwezi kuzilisha muzuri. Ndani ya chupa gazi iko sawa maji, na ili igeuke hewa inaomba joto. Ukiivuta mbio sana, chupa inakuwa baridi, inatoka jasho, hata barafu, na moto inalegea wakati gazi ingali. Mu mwezi wa 6 na wa 7, wakati wa baridi, utaiona zaidi. Njo maana barestora banaunganisha chupa nyingi. Usipashe chupa joto kwa moto hata siku moja.

Hewa: somo lenye mutu wa mugodi anajua

Mwenye kushuka chini ya udongo, Kipushi ao Kamoto, hana lazima ya kufundishwa maana ya aeraje. Jikoni ni vilevile. Gazi ya chupa iko nzito kupita hewa: propani mara moja na nusu, butani mara mbili. Ikivuja haipande ku dirisha. Inalala chini na kungojea kibiriti. Kwa hiyo inaomba tundu chini ya ukuta, yenye kutokea inje, na tundu ingine juu kwa joto na moshi. Jiko ya kilowati 15 mu chumba chenye kufungwa inakula hewa ya batu, na moto yenye kukosa hewa inatoa ile sumu bila harufu yenye iko pia mu moshi ya makala.

Chupa ikae inje, imesimama, mu kivuli, mbali na shimo. Ukisikia harufu, usiwashe taa wala usiizime. Funga chupa, fungua milango, tosha batoto. Kutafuta pahali gazi inavujia, ni maji ya sabuni: ikitoa povu, njo pale. Kibiriti hapana.

Ile ya Ulaya

Majiko mingi ya okazyo kutoka Ulaya ilifanya kazi na gazi ya bomba ya muji, si gazi ya chupa. Tundu ya enjektere yake iko kubwa. Ukiifunga ku chupa yetu, moto inatoka ndefu, ya manjano, na sufuria inageuka nyeusi. Soma plake: butani inaomba milibari 28 mupaka 30, propani 37. Kama imeandikwa 20 ao 25, enjektere zote lazima zibadilishwe, na detandere ifuatane na ile plake. Muuzishaji kama hana enjektere zile, acha jiko pale.

Angalia tena bintu viwili. Cha kwanza, termokuple, kile kijiti kidogo pembeni ya moto: upepo ukizima moto, inafunga gazi yenyewe. Washa, puliza izimike, kisha ngoja. Mbele ya dakika moja na nusu kuisha utasikia "tak". Jiko bila termokuple isiingie mu nyumba. Cha pili, umeme: butoni ya kuwashia inaweza kufa na courant, kibiriti itasaidia, lakini furu zingine hazifungue gazi kama hakuna umeme. Uliza mbele ya kulipa.

Kwa jamaa nyingi, jiko ya nyumba ya santimetre 60, yenye grile ya fonti na brulere moja ya nguvu, inatosha. Ile ya 90 inafaa kama sufuria mbili kubwa zinapikwa pamoja kila siku. Franga zenye zinabakia, ziweke ku chupa ya pili, tiyo mupya na tundu za ukuta.

Na baba, usiende ku magazini peke yako. Uende na mama, na mama abebe sufuria ya bukari na mwiko wake. Aiweke juu ya grile, asonge kidogo mbele ya muuzishaji. Mwenye kucheka, acheke. Mwenye kupika njo anajua.