Muda Umekwisha: Ni Muda wa Nani?

Makala haya yanakusudia kuifafanua kauli moja fupi ambayo tarakilishi kuukuu huitoa pindi mtumiaji anapojaribu kufungua ukurasa wa wavuti: kwamba muda wa kuunganisha umekwisha. Katika saiba za Nyeri, Karatina na Nanyuki, ambako mwanafunzi hulipia dakika anazokaa mbele ya kiwambo, kauli hiyo ni hasara. Aghalabu lawama hutupiwa mlima, mvua au kampuni inayouza intaneti. Je, lawama hizo zina mashiko?

Zamani zilikuwa nayo. Kabla ya waya wa SEACOM uliopitishwa baharini kuanza kazi Mombasa mwaka 2009, mawasiliano ya intaneti baina ya Kenya na ng'ambo yalitegemea setilaiti zilizo kimo cha takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ombi lilipanda na kushuka, jibu nalo likapanda na kushuka: kilomita 144,000, yaani karibu nusu sekunde, hata kabla ya foleni yoyote. Leo, palipo na waya wa nuru, safari ya Nyeri hadi Nairobi, kilomita 150 hivi, haichukui hata sehemu moja ya mia ya sekunde. Mlima hauna hatia.

Kiisimu, kauli yenyewe ina kasoro. Haisemi muda huo ni wa nani. Kwa hakika ni wa anayesubiri. Windows XP, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 8 Aprili 2014, hubisha hodi mara tatu: husubiri sekunde 3, kisha 6, kisha 12. Zikitimia sekunde 21 bila jibu, hukata tamaa. Haijui kama mwenyeji hayupo, amechelewa, au hodi haikumfikia. "Nimechoka kusubiri" ingekuwa tafsiri aminifu zaidi, na ingemwelekeza mtumiaji kuuliza: ulikuwa ukimsubiri nani?

Mara nyingi anayesubiriwa si tovuti bali seva ya majina, ile inayogeuza jina la tovuti kuwa nambari. Fundi aliyeunganisha tarakilishi miaka mingi iliyopita huenda aliandika kwa mkono anwani ya seva ya kampuni ya wakati huo. Kampuni ilibadilishwa; anwani ikabaki. Tarakilishi humwita asiyekuwepo, husubiri, humwita tena. Ili kuthibitisha, tumia amri ya ping kwa nambari 8.8.8.8, kisha kwa jina la tovuti. Nambari ikijibu na jina lisipatikane, wavuti haina kosa: futa anwani hiyo kuukuu, uiache mashine ipewe nyingine na mtandao wenyewe.

Kumbukumbu finyu nayo huchelewesha. Yenye megabaiti 256 hushinda ikihamisha data kwenye diski, na mtumiaji hudhani mtandao umelala.

Lipo pia kosa linalofanana na hili ingawa silo. Tovuti za leo huonyesha cheti chenye tarehe. Tarakilishi ambayo betri yake ndogo imekufa husahau tarehe kila inapozimwa. Ikiamini kwamba huu ni mwaka 2002, itakikataa cheti cha leo kwa kuwa, kwake, hakijaanza kutumika. Itazame kwanza saa iliyo pembeni mwa kiwambo. Betri yenyewe ni ya duara mfano wa sarafu, na aghalabu hupatikana hata kwa fundi wa saa.