Faida Inayokaa Ghalani

Anayefika Matai na mtaji mkononi huuliza kwanza bei ya shamba. Ningependa aulize bei ya gunia la mahindi mwezi wa saba, kisha aulize ya mwezi wa kwanza. Uwanda wa Ufipa, ilipo Matai, haukosi wakulima: kwa vizazi Wafipa wamefukia majani ndani ya matuta ya mviringo yaitwayo intumba ili kurutubisha udongo. Kinachokosekana ni mtu wa kuyakausha mahindi vizuri, kuyahifadhi na kuyasubirisha.

Mavuno yanapoingia, kila nyumba inadaiwa: ada, mbolea, matibabu. Wote wanauza pamoja na bei inaanguka. Tupige hesabu kwa bei za mfano tu. Gunia la kilo 100 limenunuliwa mwanzoni mwa Julai kwa shilingi 40,000, likauzwa mwishoni mwa Januari kwa 65,000. Tofauti ni 25,000. Mkopo wa riba ya asilimia 3 kwa mwezi, kwa miezi saba, unachukua 8,400. Mfuko wa kinga njaa, ule wa tabaka tatu unaowanyima wadudu hewa, tuseme 5,000. Kukausha na kubeba 2,000. Zimebaki 9,600. Sasa fikiria mfuko umetoboka, na dumuzi, mdudu huyu aliyetoka Amerika ya Kati na kuonekana Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, akala sehemu moja ya kumi ya gunia. Shilingi 6,500 zimeondoka, unabaki na 3,100. Kwa hiyo mtaji wa kwanza hapa ni maturubai, kipima unyevu na mizani ya haki. Lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita kipimo, inamnyonya mkulima, na mnunuzi anayeikataa waziwazi atapata mzigo ambao wenzake hawaupati.

Hatari kubwa zaidi hutoka nje ya ghala. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula ukinunua kwa wingi bei hupanda. Ukitoa akiba yake sokoni, hushuka. Mwaka 2017 serikali ilizuia mahindi ghafi kuuzwa nje ya nchi, ikataka wafanyabiashara wasage kwanza na kupeleka unga. Mwenye ghala pekee alikwama. Mwenye mashine ya kukoboa na kusaga alikuwa na njia, tena pumba zilibaki nyumbani kulisha mifugo. Ndiyo maana ghala lisilo na kinu karibu naliona ni biashara nusu.

Na Matai haiko pembeni kama ramani inavyodanganya. Tangu 2012 ni makao makuu ya Wilaya ya Kalambo, iliyokatwa kutoka Sumbawanga. Barabara moja inashuka hadi bandari ya Kasanga, Ziwa Tanganyika, ambako mizigo huvuka kwenda Kongo. Nyingine inaelekea Kasesya, mpakani na Zambia. Lori linaloshusha saruji Kasanga linahitaji mzigo wa kurudi nao Mbeya, na dereva asiyetaka kurudi mtupu hukubali nauli nafuu.

Alizeti inafuata mantiki hiyohiyo: kamua hapahapa, uza mafuta, na mashudu yawafikie wafugaji. Ila usinunue mashine kabla ya kuhakikisha mbegu zitakazoilisha hadi msimu ujao. Kinu kinachosimama miezi minane hakilipi mkopo, hata kama miezi minne ya mwanzo kilikesha kikikamua.