Kabla ya kumfungulia mfanyabiashara maji ya familia

Vijana wenzangu wa Mbangala, swali limerudi tena: wavuvi wa biashara waruhusiwe kwenye maji ya Rukwa ambako familia hupata kitoweo? Mimi nasema sawa, ila wenyeji watangulie kuweka utaratibu.

Kule Fumba, Unguja, akina mama huokota chaza na kombe maji yakipwa. Walipoona wanapungua, wakatenga sehemu zisizovunwa ili wakue na kuzaliana. Soko hawakulifukuza.

Sheria ya Uvuvi ya 2003 inatambua vikundi vya BMU, vinavyosimamia uvuvi pamoja na serikali. Jiungeni, tengeni mazalia ya perege, kataeni nyavu za macho madogo. Mnunuzi akute utaratibu upo. Akishazoea kuvua hovyo, kumrudisha nyuma ni kazi kwelikweli.