Mtepe, Chombo Kilichoshonwa kwa Kamba

Mtepe ulikuwa chombo cha bahari cha watu wa visiwa vya Lamu na Pate, na wa pwani iliyo kaskazini yake. Ulibeba shehena nzito, ukasafiri mpaka Mombasa na Unguja na mbele zaidi, na katika mwili wake wote haukuwa na msumari wa chuma hata mmoja. Mbao zake zilishonwa kwa kamba, kama fundi ashonavyo kanzu. Leo hakuna mtepe uendao baharini kwa biashara. Vyombo hivyo vilikwisha kabla ya katikati ya karne ya 20, na mabaharia waliovipanda wamekwisha kufa. Hata hivyo wako watu, wa pwani na wa nchi nyingine, wanaotamani kuuona mtepe tena ukitweka tanga na kutoka bandarini. Na wengine hawakutamani tu, bali wamejaribu. Ili kufahamu kama jambo hilo lawezekana, yapasa kujua kwanza jinsi mtepe ulivyojengwa na sababu za kuachwa kwake.

Kazi ya kushona vyombo ni ya kale sana. Katika karne ya 1 B.K. mtu mmoja mjuzi wa biashara, ambaye jina lake halikuhifadhiwa, aliandika kwa Kigiriki kitabu cha safari za Bahari ya Sham na Bahari ya Hindi. Humo alitaja mji wa biashara katika pwani ya Afrika ya Mashariki uitwao Rhapta, akasema kwamba jina hilo lilitokana na mashua zake zilizoshonwa, kwa kuwa katika Kigiriki neno hilo lina maana ya kitu kilichoshonwa. Mahali ulipokuwapo mji huo wataalamu wangali wakibishana, lakini juu ya mashua hakuna ubishi. Karne nyingi zikapita. Mwezi wa Machi mwaka 1498, Vasco da Gama na watu wake walipofika kisiwa cha Msumbiji, mmoja wao aliandika kwamba vyombo vya nchi ile vilikuwa vikubwa, navyo havikuwa na misumari, bali mbao zake zilifungwa kwa kamba.

Wasomaji wengine watadhani kwamba watu wa pwani walishona vyombo kwa sababu hawakuwa na chuma. Sivyo. Al-Idrisi, Mwarabu aliyeandika habari za nchi za dunia katika karne ya 12, alisema kwamba watu wa Malindi walikuwa na machimbo ya chuma, na kwamba chuma hicho ndicho kilichowapa faida kubwa katika biashara. Basi chuma kilikuwapo. Palikuwa pia na hadithi ya zamani, iliyoaminiwa na mabaharia wengi, kwamba chini ya bahari uko mlima wa sumaku uvutao misumari na kuipasua merikebu. Hadithi hiyo ni tamu, lakini si kweli, na Procopius, mwandishi wa Kigiriki wa karne ya 6, alikwisha kuikanusha kwa neno fupi: merikebu za Warumi zilikuwa na vyuma vingi, nazo zilipita Bahari ya Sham bila kudhurika.

Sababu ya kweli aliieleza Ibn Battuta, msafiri yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Alisema kwamba bahari ile ina miamba mingi. Chombo kilichopigiliwa misumari kikigonga mwamba huvunjika, bali kilichoshonwa kwa kamba hulegea kidogo, kikapona. Maneno hayo aweza kuyasadiki kila mtu aliyeona chombo kikipwelewa. Zamani bandari nyingi za pwani hazikuwa na gati. Chombo kilisogezwa ufuoni maji yakiwa yamejaa. Maji yakipwa, kilikaa juu ya mchanga na shehena yake yote, kikiinamia upande mmoja, na uzito wote ukikaza mbao. Msumari haujui kulegea: ama hushika, ama hupasua ubao. Kamba hunyumbuka, kisha hurudi mahali pake.

Sasa tazama jinsi kazi ilivyoendeshwa. Ilianza si kwa shoka, bali kwa nazi. Makumbi, yaani yale maganda ya nje ya nazi, yalifukiwa katika tope la pwani mahali ambapo maji hujaa na kupwa, yakaachwa huko miezi mingi mpaka nyama yake ikaoza. Kisha yalifukuliwa, yakapigwa kwa magongo na kuoshwa, hata ukabaki usumba mtupu, yaani nyuzinyuzi zake. Usumba ulisokotwa kwa viganja kuwa uzi, na nyuzi zikasokotwa pamoja kuwa kamba. Kamba hiyo ina sifa moja kubwa, nayo ni kwamba maji ya chumvi hayaiozeshi upesi kama yaozeshavyo kamba nyingine. Chombo kimoja tu kilihitaji kamba nyingi ajabu, hata ikawa kazi ya usumba yaweza kuchukua watu wengi kuliko kazi ya seremala.

Fundi alilaza mkuku, kisha akaanza kupandisha mbao za ubavuni moja juu ya moja. Kila ubao ulichongwa kwa tezo mpaka ukingo wake ulingane na ukingo wa mwenziwe pasipo mwanya. Hapo ndipo ustadi ulipopimwa, kwa maana kamba yaweza kukaza mbao mbili, lakini haiwezi kuziba pengo la fundi mvivu. Karibu na ukingo wa kila ubao matundu yalitobolewa kwa keke, yakipangwa kwa mstari, tundu la ubao wa chini likielekeana na tundu la ubao wa juu. Vijiti vya mti mgumu vilipigwa ndani ya mbao ili zisiteleze upande huu au huu. Kisha kamba ilipitishwa, ikavutwa kwa nguvu, na matundu yakazibwa ili maji yasipenye. Mataruma, yaani zile mbavu za ndani, yaliingizwa baadaye, mwili wa chombo ukiwa umekwisha kupata umbo, nayo pia yalifungwa kwa kamba. Nje ya chombo, chini, palipakwa deheni, yaani mafuta yaliyochanganywa na chokaa, kuzuia wadudu watobolao mbao.

Tanga la mtepe halikuwa la pembe tatu kama la jahazi. Lilikuwa la pembe nne, nalo halikuwa la kitambaa, ila lilifumwa kwa miaa, mfano wa jamvi. Omo ilitokeza mbele kama shingo na kichwa cha mnyama, na watu wa pwani walisimulia kwamba ni mfano wa ngamia wa Mtume. Kila upande wa omo palichorwa jicho. Chombo kilichokuja kutoka mbali na shingo iliyonyoshwa na macho mawili hakikuweza kudhaniwa kuwa kingine.

Mtepe, hata hivyo, ulikuwa na kasoro zake, na wautamanio leo mara nyingine huzisahau. Ulivuja. Mishono mamia kwa mamia haiwezi kuzuia maji yote, na kwa hiyo kufua maji ilikuwa kazi isiyokoma: baharia alishuka ngamani, akachota na kumwaga, akachota na kumwaga, mchana na usiku. Tanga lake la pembe nne lilivuta vizuri upepo ukitoka nyuma, lakini halikufaa sana kwenda kinyume cha upepo. Kwa sababu hiyo nahodha wa mtepe alishuka kusini kwa upepo wa kaskazi, akauza mali yake, akangoja kusi imrudishe kwao. Tena kamba huchakaa. Kila baada ya muda mbao zilifunguliwa na kushonwa upya. Marco Polo, aliyeona vyombo vya kushonwa vya Hormuz katika karne ya 13, alivisema vibaya kabisa, kwamba ni vyombo duni na vingi vyao hupotea. Huenda alikuwa mkali mno, kwa sababu watu hawatumii chombo duni kwa muda wa karne kumi na mbili na zaidi.

Shehena kubwa ya mitepe ilikuwa boriti za mikoko, zilizokatwa katika vijito vya visiwa vya Lamu. Nyumba za mawe za Mombasa na Unguja zilihitaji boriti hizo kwa dari zake, na upana wa vyumba vyake ulifuata urefu wa boriti.

Hakuna serikali iliyoupiga mtepe marufuku. Ulishindwa polepole. Misumari ya kiwandani ilipoanza kuletwa kwa wingi na kwa bei ndogo, fundi aliweza kumaliza jahazi bila kungoja makumbi yaoze topeni. Jahazi lilivuja kidogo, lilikuwa na tanga la pembe tatu liwezalo kukata upepo, na halikuhitaji kufunguliwa na kushonwa tena. Mwenye mali akihesabu gharama, alichagua jahazi. Baba aliyekuwa fundi wa mishono alimwona mwanawe akishika nyundo. James Hornell, Mwingereza mchunguzi wa vyombo vya bahari, alipotoa maelezo yake juu ya mtepe mwaka 1941, ilikuwa kama kuandika habari za marehemu. Hatimaye hata biashara iliyoulisha mtepe ilipunguka. Mwaka 1982 serikali ya Kenya ilikataza boriti za mikoko kupelekwa nchi za nje, ili kuihifadhi mikoko, na nyumba mpya za pwani zikawa zinajengwa kwa saruji na chuma.

Majaribio ya kuvirudisha vyombo vya kushonwa yalifanywa kwanza upande wa pili wa bahari. Mwaka 1980, katika mji wa Sur nchini Omani, Tim Severin, msafiri na mwandishi wa vitabu, alijenga merikebu kwa namna ya kale, akaiita Sohar. Kamba zilizotumika zilipata urefu wa maili 400 hivi. Mwezi wa Novemba mwaka ule merikebu ilitweka tanga kutoka Muscat, na mwezi wa Julai 1981 ikafika Guangzhou katika China. Miaka mingi baadaye Waomani walijenga nyingine, Jewel of Muscat, kwa kufuata mabaki ya chombo cha karne ya 9 yaliyogunduliwa mwaka 1998 karibu na kisiwa cha Belitung nchini Indonesia. Nayo ilisafiri mwaka 2010 mpaka Singapore, ikatolewa zawadi kwa nchi hiyo. Basi imethibitika kwamba kamba ya nazi yaweza kuvuka bahari kuu.

Lakini Severin alipotafuta watu wa kushona, ilimbidi kuagiza mafundi kutoka visiwa vya Lakshadweep, vilivyo magharibi ya India, ambako kazi hiyo ilikuwa bado inajulikana. Jambo hilo lafaa kukumbukwa kuliko safari yenyewe. Na mwisho wa Sohar ulikuwa nini? Imewekwa juu ya nchi kavu mjini Muscat, katikati ya mzunguko wa barabara, na magari huizunguka.

Unguja nako mtepe ulijengwa upya mwanzoni mwa karne ya 21, ukawekwa katika ua wa ndani wa Beit al-Ajaib, jumba kubwa lililojengwa mwaka 1883 katika zamani za Sultani Barghash, ambalo lilikuwa limefanywa nyumba ya makumbusho. Wageni na watoto wa shule waliweza kuutembelea na kuyaona mashono yake. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba hilo iliporomoka. Huko Lamu, katika makumbusho, iko mifano midogo ya mitepe, nayo ni ya thamani, kwa sababu wajenzi wa kale hawakuchora ramani za vyombo vyao. Mfano huonyesha umbo. Hauonyeshi kamba ivutwe kwa nguvu kiasi gani kabla haijapasua tundu, wala hauwezi kumwambia fundi ubao gani uloweshwe na upi uachwe mkavu. Maarifa ya namna hiyo hukaa mikononi, hupita kutoka mikono ya mtu hadi mikono ya mwingine wakifanya kazi pamoja, na katika visiwa vya Lamu mapokezi hayo yalikatika.

Isidhaniwe kwamba yote yamepotea. Katika vijiji vya mashariki ya Unguja wanawake wangali wakifukia makumbi pwani, kuyapiga na kusokota kamba za usumba. Huko Matondoni, kijiji cha kisiwa cha Lamu, mafundi wangali wakichonga mkuku na kupinda mbao za mashua kwa macho tu, bila karatasi. Kamba ipo, na mjuzi wa mbao yupo. Wametengana kwa safari ya siku chache tu za tanga. Ila mshono uwezao kuviunganisha viwili hivyo kwa sasa wajulikana zaidi Kerala, katika India ya kusini, ambako mashua za kamba zinashonwa bado, kuliko Pate ulikotoka mtepe.