Hesabu Kwanza, Wavu Baadaye

Miongoni mwa mambo yanayozungumzwa kila siku katika vijiji vya maweni, kusini na mashariki ya Unguja, ni suala la paa. Msasi husema paa wapo tele na kwamba anazuiwa riziki yake bila ya sababu. Mkulima ambaye kunde zake zimeliwa usiku husema wamezidi. Ofisa wa misitu husema wanakwisha. Kila mmoja anashuhudia kwa yale aliyoyaona mahali aliposimama, na kwa hivyo kila mmoja huondoka mkutanoni na neno lake lile lile alilokuja nalo.

Sisi tunaamini kwamba mabishano haya hayatakwisha mpaka kwanza lijibiwe swali moja ambalo mara nyingi hupitwa: je, paa jike aguswe lini? Maana kupungua au kuongezeka kwa kundi hakuamuliwi na dume. Kunaamuliwa na jike.

Tuchukue mfano mwepesi. Pana wanyama 100, nusu majike na nusu madume, na kila jike huzaa mtoto mmoja kwa mwaka. Tukiua madume 30, madume 20 waliosalia watawatosha majike wote 50, na watoto watakaozaliwa ni wale wale 50. Lakini tukiua majike 30, watoto hawatazidi 20, hata madume wakiwa wengi namna gani. Idadi ya waliouawa ni moja, matokeo ni mbali mbali. Mfugaji wa mbuzi hahitaji kufundishwa hayo. Inapofika sikukuu humchinja beberu, akamwacha jike azae.

Hata hivyo, kanuni hii ya kumwacha jike ina mpaka wake, na hatuna budi kuusema ukweli huu waziwazi ingawa utawaudhi baadhi ya wapenzi wa wanyama. Mbuzi wakizidi, mfugaji huwauza. Wanyama wa mwituni wakizidi katika kisiwa hawana pa kwenda, kwani bahari imewazunguka pande zote.

Mfano uliokwisha kuwa funzo kwa ulimwengu mzima ni kisiwa cha St. Matthew, katika Bahari ya Bering upande wa Alaska, nchini Marekani. Ukubwa wake ni kama sehemu moja ya tano ya Unguja. Mwaka 1944, wakati wa Vita Kuu ya Pili, walinzi wa pwani wa Marekani walipeleka huko ayala 29, yaani wanyama wa nchi za baridi wanaofanana na paa wakubwa, ambao pembe zao huanguka na kuota upya kila mwaka. Kati ya hao, majike walikuwa 24. Walikusudiwa kuwa akiba ya chakula kwa askari. Vita vilipokaribia kumalizika askari wakaondoka, ayala wakabaki bila ya mwindaji wala mnyama mkali wa kuwala. Mwaka 1957 walihesabiwa 1,350. Mwaka 1963 walifika 6,000. Chakula chao cha majira ya baridi, kimea kitambaacho juu ya ardhi ambacho huchukua miaka mingi kukua, kilikuwa kimekwisha kuliwa. Ikaja baridi kali iliyoanza mwishoni mwa mwaka huo. Wataalamu waliporejea mwaka 1966 walikuta mifupa imetapakaa kisiwa kizima na ayala hai 42, ambao 41 kati yao walikuwa majike. Dume mmoja aliyebaki hakuwa mzima wa kuzalisha. Kizazi kile kikatoweka.

Yuko atakayeuliza: je, kama wangaliwinda madume peke yao? Jawabu limo katika hesabu tuliyoitanguliza. Madume wachache wangaliendelea kuwatosha majike wote, na kundi lingalikua vile vile mpaka malisho yaishe. Huruma isiyo na hesabu iliwaua wanyama wengi kuliko bunduki yoyote.

Mfano wa pili unatoka kisiwa cha Rum, magharibi ya Uskoti, ambacho mwaka 1957 kilinunuliwa na idara ya uhifadhi ya nchi ile. Huko kwa miaka mingi ilivunwa sehemu moja ya sita ya ayala wekundu kila mwaka, madume na majike pia. Mnamo mwaka 1972 uvunaji ulisimamishwa katika eneo la kaskazini ya kisiwa ili wataalamu wapate kujifunza. Katika miaka kama kumi majike wa eneo lile waliongezeka zaidi ya mara mbili. Lakini hali yao ilidhoofika. Walipata mimba kwa nadra zaidi, na watoto wao wengi walikufa wakati wa baridi. Madume hawakuongezeka kwa kiasi kile, kwani watoto wa kiume hushindwa zaidi na njaa, na wengine waliokua waliuhama uwanja uliojaa majike. Kwa hivyo, hata mwenye kutaka madume wenye pembe kubwa hufaidika pale majike wanapopunguzwa kwa kiasi.

Waskoti wamezingatia pia swali la mwezi. Sheria yao inaruhusu jike kuwindwa kuanzia tarehe 21 Oktoba mpaka tarehe 15 Februari tu. Watoto wa ayala huzaliwa mwezi wa Juni. Mama akiuawa katika miezi ile ya mwanzo, mtoto hufa njaa porini, na msasi aliyedhani ameua mmoja atakuwa ameua wawili.

Sasa na turudi nyumbani. Paa wetu si ayala, na hali yao ni kinyume kabisa cha ile ya St. Matthew. Paa nunga, ambaye makazi yake yanayojulikana ni Unguja na misitu ya pwani ya Kenya, alikadiriwa kufika 5,000 katika kisiwa chetu mwaka 1983. Makadirio ya mwaka 1999 hayakuzidi sana 600. Msitu ulikatwa kwa kuni, makaa na mashamba, na nyavu zikafanya kazi yake katika vichaka vilivyosalia. Hapa hakuna kundi lililozidi. Lipo kundi lililokonda, na mbele ya kundi la namna hiyo kila jike ni mbegu ya mwisho ghalani. Mkulima halili mbegu kwa sababu ya njaa ya siku moja.

Tena, msimu wa Waskoti hautufai sisi. Paa wetu huzaa mtoto mmoja mmoja, wala hawana mwezi mmoja wa kuzaa kwa pamoja, hata jike mwenye mimba aweza kukutwa wakati wowote wa mwaka. Na wavu hauchagui. Mbwa wakishafukuza, kinachonaswa ndicho kinachochinjwa, jike kwa dume, mzazi kwa mchanga. Paa nunga jike ana pembe kama dume, kwa hivyo hata jicho la msasi mzoefu hudanganyika kichakani. Katika usasi wa namna hii, kumwambia mtu aache majike ni kumwambia jambo asiloweza kulitimiza.

Kwa sababu hizo, rai yetu ni kwamba wavu usitandazwe mahali popote mpaka hesabu ijulikane. Hesabu hiyo isifanywe na maofisa peke yao. Wasasi ndio wanaozijua njia za paa, vinyesi vyao na mahali wanapolala. Waitwe, wahesabu pamoja na maofisa, na matokeo yabandikwe ofisini kwa sheha yasomwe na kila mtu. Mnyama yeyote atakayekutwa amekufa au amekamatwa aandikwe, jike au dume, mwenye mimba au asiye nayo. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mkulima naye asiachwe peke yake na hasara yake. Asaidiwe uzio na zamu za ulinzi, kwani mtu anayelala na njaa hawezi kutakiwa abebe mzigo wa taifa zima.

Wapo watakaosema kwamba kilicho halali hakizuiwi. Tunawakumbusha kwamba dini yetu yenyewe imemkataza aliyehirimia kuua windo la nchi kavu mpaka ihramu yake ifunguke. Windo lile ni halali, ila lina wakati wake. Kizuizi chenye wakati si dhuluma.

Na kwa upande wa Serikali tunasema hivi: siku hesabu itakapoonesha kwamba paa wa sehemu fulani wamezidi malisho yao, maofisa wasione haya kuruhusu wavunwe, na majike wawe wa kwanza, ili nyama iwafikie wananchi badala ya kuozea porini. Msasi anayetakiwa kutii hesabu leo ana haki ya kuiona Serikali ikiitii hesabu hiyo hiyo kesho.